Begi la Mgongoni la Safari za Porini na Milimani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa watu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Kitale na vitongoji vyake wanaojiandaa kwa safari za siku kadhaa: Mlima Elgon, Cherangani, Msitu wa Kakamega, Menengai, Longonot. Yana msimamo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Begi huchaguliwa kwa jinsi linavyobeba mzigo, na kwa jinsi fundi wa hapa anavyoweza kulishona likichanika. Jina la kampuni na uzuri wa rangi vinakuja baadaye sana.

Uwindaji umepigwa marufuku Kenya. Kwa nini basi watu wanatafuta mabegi ya wawindaji?

Marufuku ipo tangu mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali hata kwa anayekutwa na nyama ya porini. Anayetaka kuwinda kwa leseni huenda nchi zinazoruhusu, kama Tanzania, na kufuata masharti ya huko. Hapa kwetu, anayekuuzia begi huku akikunong'oneza habari za swala wa Mau anakuingiza kwenye ujangili. Achana naye.

Begi lenyewe ni habari nyingine. Mwindaji wa Montana au Alaska akiangusha mnyama mbali na barabara, hana budi kuikata nyama vipande na kuibeba mgongoni, mara nyingine kilo 40 na zaidi, kwenye miteremko isiyo na njia. Mabegi yake yametengenezwa kwa shida hiyo. Yana fremu ngumu ya alumini au kaboni na mshipi mnene wa kiunoni. Mengi yana pia rafu: unalegeza mikanda, mfuko unasogea nyuma, na mzigo mzito unakaa katikati ya mfuko na fremu, karibu kabisa na mgongo wako.

Rafu hiyo kwetu ni mahali pa maji. Ukishuka ndani ya kreta ya Menengai au ukizunguka ukingo wa Longonot, huna kijito cha kuchota. Jerikeni ya lita 10 ni kilo 10. Ikining'inia nyuma ya begi la kawaida inakuvuta kinyumenyume kila unapopanda. Ikikaa kwenye rafu inatulia.

Kwa hiyo ninunue begi halisi la uwindaji?

Wengi wenu hamlihitaji. Begi la namna hiyo likiwa tupu lina uzito wa kilo 2.5 hadi 3.5, na yale ya kampuni zinazojulikana kwa kazi hii, kama Stone Glacier, Kifaru au Exo, mara nyingi huzidi dola 500 kabla ya usafirishaji na ushuru. Ukiwa mpagazi wa Elgon, mtafiti anayebeba vifaa msituni, au mpiga picha mwenye lenzi kubwa na stendi yake, pesa hiyo itajirudisha kwa mgongo usiouma. Anayelala mlimani usiku mmoja au miwili atafute begi la kawaida la kupandia milima lenye fremu na mshipi wa kiunoni wa kweli, halafu tofauti ya bei ainunulie viatu.

Begi la shule halitoshi?

Kwa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, linatosha. Kwa kulala, hapana. Halina fremu wala mshipi wa kiunoni, kwa hiyo kilo zote zinaning'inia mabegani, na mishono yake haikupimwa kwa uzito huo.

Lita ngapi zinanitosha?

Safari ya mchana mmoja, lita 25 hadi 30. Usiku mmoja au miwili, lita 45 hadi 55. Siku nne au zaidi ukiwa na hema lako, lita 60 hadi 70. Elgon iongezee kidogo, kwa sababu juu ya mita 3,500 usiku ni baridi ya kuganda, na mfuko wa kulalia unaofaa baridi hiyo hujaza nafasi. Usinunue la lita 90 kwa kufikiri kwamba nafasi ikibaki haidhuru. Nafasi ikibaki utaijaza, na utakavyojaza utavibeba.

Nitajuaje kama linanienea mgongoni?

Urefu wa mwili wako hausemi kitu; kinachopimwa ni urefu wa mgongo. Inamisha kichwa uguse ile pingili inayotokeza chini ya shingo. Hapo ndipo kipimo kinapoanzia. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili, vidole vikae juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vielekee uti wa mgongo. Mstari kati ya vidole gumba ndio mwisho wa kipimo. Mwenzako apime kwa futi ya fundi nguo. Watu wengi wazima huangukia kati ya sentimita 40 na 53, na watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana kwa sentimita kadhaa.

Ukishapata kipimo, jaribu begi likiwa na mzigo. Begi tupu linamwenea kila mtu. Mwombe muuzaji akuwekee kilo 10 za kitu chochote, hata mifuko ya unga. Funga mshipi wa kiunoni kwanza, ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Kisha kaza mikanda ya mabegani, halafu vile vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kwenda kwenye fremu. Vinapaswa kupanda kwa mshazari, karibu nyuzi 45. Sasa legeza kidogo mikanda ya mabegani. Uzito ukibaki kiunoni, begi limekubali. Likiporomoka na kukuvuta mabega, lirudishe, hata kama bei ni tamu.

Kina mama na wasichana: mshipi wa kiunoni uliopinda kufuata nyonga, na mikanda ya mabegani iliyosogeleana na kupinda kifuani, huwafaa wengi zaidi ya ile iliyonyooka. Lakini wapo wanaume wanaoenewa na mabegi ya wanawake, na kinyume chake. Mwili wako ndio uamue, lebo isikutishe.

Nibebe kilo ngapi?

Kwa mtu asiyezoea, karibu asilimia 20 ya uzito wa mwili wake. Mwenye kilo 65 abebe 13, maji yakiwemo. Vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mifupa ya mabega. Mfuko wa kulalia uwe chini kabisa. Koti la mvua liwe juu, ulipate bila kufumua begi zima.

Kitambaa gani ni imara?

Kwenye lebo utaona namba inayoishia na D: 210D, 420D, 500D, 1000D. Hiyo ni denia, yaani uzito wa uzi huo kwa gramu kwa kila mita 9,000. Namba kubwa ina maana uzi mnene. Wauzaji wengi huishia hapo, na wanunuzi wengi huamini kwamba 1000D lazima ishinde 420D.

Mambo hayaendi hivyo. Aina ya uzi ina uzito sawa na namba. Nailoni huvumilia kusuguliwa kuliko poliesta yenye denia hiyo hiyo, na ndiyo maana vitambaa vya Cordura vya mabegi ya kazi ngumu kwa kawaida ni nailoni. Poliesta nayo huvumilia jua vizuri zaidi. Ukiona begi la bei ya chini limeandikwa 1000D poliesta, ujue si sawa na 1000D ya nailoni, na linaweza kushindwa na nailoni ya 420D iliyofumwa vizuri.

Kisha tazama mahali unapokwenda. Menengai ina mawe ya volkano yaliyochongoka. Ukiburuta begi pale, kitako chake ndicho kinachoumia. Longonot na nyika za Bonde la Ufa zina miiba ya migunga na vichaka vya leleshwa vinavyokwaruza ubavu. Elgon, ukifika ukanda wa mianzi, kila kinachoning'inia nje ya begi hunaswa: vikombe, magodoro, mikanda mirefu iliyoachwa bila kufungwa. Kwa mchanganyiko huo ningechagua nailoni ya 400D hadi 500D mwilini, kitako kiwe kizito zaidi au cha tabaka mbili, na umbo jembamba lisilopita upana wa mabega yako.

Nailoni yenye miraba midogo ya nyuzi nene (tazama kwa karibu utaiona imepangwa kitambaa kizima) huzuia tundu dogo lisikimbie likawa mchaniko mrefu. Ni sifa nzuri. Lakini kitambaa hakichaniki mara nyingi kama watu wanavyohofia. Kinachoachia ni mshono.

Basi niangalie nini kwenye mshono?

Hapa chukua muda wako, hata muuzaji akikuharakisha. Anza pale mkanda wa bega unapoingia kwenye mwili wa begi, juu na chini. Begi la kweli lina mshono wa zigizaga uliobanana, mfupi, mnene, uliopita juu ya mkanda zaidi ya mara moja; ukiupitishia ukucha unausikia umesimama kama kovu. Begi la kubahatisha lina mstari mmoja wa cherehani, na ukivuta mkanda kwa nguvu unaona mwanga kupitia matundu ya sindano. Hapo ndipo litakapokatikia.

Ligeuze ndani nje. Kingo za kitambaa ziwe zimefunikwa kwa utepe ulioshonwa juu yake. Zikiwa wazi zinatoa nyuzi, na kila ukipakia na kupakua mshono unasogea karibu na ukingo. Hesabu mishono: karibu mitatu kwa sentimita ni sawa. Michache sana haishiki, na ikibanana mno sindano imegeuza kitambaa kuwa mahali pa kuchanikia.

Zipu au kamba ya kukaza?

Zipu hurahisisha kufikia vitu, na ndiyo ya kwanza kuharibika kwa vumbi la Nakuru na udongo wa Kakamega. Mfuko mkuu ningetaka ufunguke juu kwa kamba na kifuniko. Kama una zipu ndefu ya ubavuni, iwe pana: namba 8 au 10, iliyopigwa chapa nyuma ya kichwa chake. Namba 5 iachie mifuko midogo. Na pawe na vikanda vya kubana vinavyovuka juu ya zipu, ili uzito wa mzigo usiivute moja kwa moja.

Habari njema ni kwamba mara nyingi zipu isiyoshika haijafa. Ni kichwa chake kilicholegea. Fundi wa viatu mwenye koleo hukibana au kukibadilisha ukisubiri.

Klipu ikivunjika je?

Klipu nyingi za plastiki huvunjikia kwenye usafiri. Mlango wa matatu hufungwa juu ya mshipi wa kiunoni, au begi hutupwa kwenye keria na mzigo mwingine ukawekwa juu. Kabla ya kupanda gari, funga mshipi wa kiunoni kwa nyuma ukilizunguka begi, ingiza ncha zote za mikanda, na kama linapanda keria liweke ndani ya gunia. Uliza pia upana wa mikanda, kwa sababu milimita 20, 25 na 38 ni vipimo vya kawaida ambavyo klipu zake hupatikana. Klipu za maumbo ya kipekee zinazotengenezwa na kampuni moja tu zikivunjika zimevunjika.

Wameniambia haliingii maji. Niamini?

Usiamini. Kitambaa kinaweza kuzuia maji, lakini matundu ya sindano, zipu na mdomo wa begi vinapitisha. Kakamega na maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria mvua hupenda kuja alasiri, na hiyo si manyunyu. Hata Elgon, ambako Disemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu, utanyeshewa.

Kifuniko cha mvua cha nje husaidia kiasi, lakini hakifuniki mgongoni, maji yanateremka na shati lako hadi ndani, na mianzi hukivua. Kinachofaa zaidi ni mfuko wa ndani usiopitisha maji, uliokunjwa mdomo mara tatu: ndani mfuko wa kulalia, nguo kavu na betri. Zamani watu walitumia karatasi ya nailoni ya dukani. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja na kutupa, chupa za maji zikiwemo, haziruhusiwi kwenye mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Kwa hiyo nunua mfuko wa nailoni nzito au wa turubai jepesi utakaotumia miaka, na maji yabebe kwenye chupa ya kujaza tena. Lango la Chorlim, la kuingilia mbuga ya Mlima Elgon, si mahali pa kuanza kutafuta pa kuacha chupa zako.

Rangi za madoamadoa ya kijeshi zina shida?

Zina shida, na mabegi mengi ya uwindaji kutoka nje yana madoa hayo. Sheria ya Kenya inakataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo. Kukaa kituoni ukieleza kwamba lako ni begi tu, si sare, ni siku iliyopotea. Chukua kahawia, kijani kisicho na madoa, au kijivu. Ukienda sehemu zenye ukungu, uwe na kitambaa cha rangi kali ndani, cha kutundika ukihitaji kuonekana.

Mtumba wa Kibuye au begi jipya la dukani?

Mtumba, kama una macho. Soko la Kibuye hapa Kisumu huchangamka zaidi Jumapili, na kwenye marobota ya mabegi huwa kunatokea mabegi ya milimani ambayo mwenyewe huko Ulaya aliyatumia msimu mmoja. Fika mapema, wakati kamera, yaani yale mabegi bora ya robota, bado hazijachaguliwa. Kwa pesa ya begi jipya la kuiga jina, unaweza kupata la kweli lililochakaa rangi tu.

Lakini lichunguze. Nusa ndani: harufu kali ya uvundo ina maana limehifadhiwa likiwa bichi. Pitisha kiganja upande wa ndani wa kitambaa: kikinata, au kikiacha unga mweupe mkononi, utando wa kuzuia maji umeshaoza. Bonyeza sponji ya mshipi wa kiunoni kwa dole gumba: iinuke yenyewe, na ikibaki na shimo imekufa. Toa vyuma vya fremu uvitazame: vilivyopinda taratibu kufuata mgongo ni sawa, vyenye kona kali havifai. Mwisho, kunja kitambaa cha juu, kile kilichopigwa na jua, ukivute. Nailoni iliyochomwa na jua hupauka na huchanika kwa sauti ya karatasi.

Kasoro za zipu, klipu na mshono wa pembeni zisikukimbize. Hizo ni sababu za kupunguziwa bei, na fundi anazimaliza.

Fundi wa jua kali anaweza kunishonea moja?

Anaweza, na kwa mfuko mgumu wa kubebea vitu vizito ni chaguo zuri. Turubai la lori halichoki upesi, na ukanda wa usalama uliotolewa kwenye gari kuukuu ni imara kuliko mikanda mingi ya dukani. Sisitiza uzi wa nailoni au poliesta, si wa pamba, ambao huoza kwa unyevu. Udhaifu uko kwenye fremu na mshipi wa kiunoni. Njia inayofanya kazi ni kununua mtumba wenye fremu nzuri na mfuko uliochanika, kisha fundi akushonee mfuko mpya juu ya fremu hiyo. Mpelekee begi lenyewe alitazame. Maelezo ya mdomo hayatoshi.

Nibebe nini cha kurekebishia njiani?

Sindano nene ya gunia, uzi wa nailoni, klipu moja ya ziada ya kiunoni, mita mbili za kamba nyembamba, na utepe wa gundi uliozungushwa kwenye chupa ya maji. Mkanda wa bega ukikatika, toboa tundu kwenye kitambaa kilichokunjwa mara mbili, si kwenye mshono uleule ulioachia.

Nilisafishe vipi?

Maji ya vuguvugu, sabuni laini, brashi ya nguo, kivuli. Usilitie kwenye mashine ya kufulia, usilianike juani siku nzima, na usilikunje likiwa na unyevu. Waliotoka pango la Kitum kule Elgon wana sababu ya ziada ya kuosha kitako cha begi. Pango hilo, ambalo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi, lina popo, na wagonjwa wawili wa virusi hatari vya Marburg, ambavyo popo huvibeba, wa 1980 na wa 1987, walikuwa wamelitembelea. Msiliweke begi chini humo ndani.

Begi langu limeanza kunata ndani. Ndiyo mwisho wake?

Hapana. Ule ni utando wa poliyurethani, ambao lebo huuita PU. Joto na unyevu huuvunja polepole, na kabati lililofungwa katika hali ya hewa ya Kisumu huufanyia kazi hiyo vizuri sana. Kitambaa chenyewe mara nyingi bado kizima. Ligeuze ndani nje, lowesha kitambaa cha pamba kwa spiriti, sugua utando unaonata hadi utoke wote, ukifanyia nje penye hewa na mbali na moto. Lioshe, likauke kabisa kivulini, kisha litundike mahali penye upepo badala ya kulirudisha kabatini. Halitazuia tena maji, lakini kazi hiyo tayari ni ya mfuko wa ndani.